Ngoma ya Watoto Haikeshi: Watoto na Mashindano ya Kucheza, kutoka Uwanja wa Kaya hadi Kioo cha Televisheni

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Aghalabu methali hii hutumiwa kwa kebehi, kuonyesha kwamba jambo lililoanzishwa na watu wasio na uzoefu halichukui muda ila husambaratika. Lakini kabla ya kuwa fumbo, maneno hayo yalikuwa habari iliyoonekana kwa macho. Watoto walicheza jioni. Ulipofika wakati wa kulala mama aliita, na ngoma ikavunjika. Hapakuwa na mtu aliyesema kwamba ngoma hiyo imeshindwa. Ilikwisha mapema kwa sababu wenyewe walikuwa watoto.

Siku hizi ngoma ya watoto yaweza kukesha. Ikisha kunaswa na kamera huonyeshwa leo, ikarudiwa kesho, ikapelekwa katika simu za watu ambao hawamjui mtoto wala wazazi wake. Zaidi ya hayo, siku hizi ngoma hiyo mara nyingi ni ya mashindano: kuna waamuzi, kuna kura, kuna zawadi, na kuna anayerudishwa nyumbani. Hivyo wazazi, walimu na viongozi wa utamaduni wanaulizana kama yafaa watoto washiriki mashindano ya kucheza yanayoonyeshwa katika televisheni.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Wapo wanaolijibu upesi kwa kusema kwamba mashindano ni ugeni ulioletwa na televisheni, na wapo wanaosema kwamba watoto wa Kiafrika wamecheza tangu jadi, kwa hiyo hakuna jipya. Majibu yote mawili yana upungufu. Tumechagua kuutazama mkoa wa Dodoma na uwanda wa kati kwa sababu mbili. Kwanza, Wagogo, ambao ni wenyeji wa sehemu hiyo, wana hazina ya ngoma inayofahamika Tanzania nzima na hata nchi za nje. Pili, uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma uliifanya sehemu hiyo kuwa mahali ambapo ngoma ya kijiji na jukwaa la Taifa vinakutana karibu kila mwaka, na aghalabu wanaosimamishwa katikati ya makutano hayo ni watoto.

Ngoma na malezi katika Ugogo

Ugogo ni nchi kame. Mvua huanza aghalabu mwezi wa Desemba na kukoma mwezi wa Aprili, na katika sehemu nyingi haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mazao ya asili ni mtama na uwele, na mali kubwa ni ng'ombe. Kwa hiyo kalenda ya ngoma ilifuata kalenda ya mvua. Wakati wa kulima watu walilima. Baada ya mavuno, chakula kilipokuwa kimekwisha ingia ghalani, ndipo ulipofika wakati wa jando na unyago, wa arusi, na wa kutembeleana kaya kwa kaya. Mwaka wa njaa ulikuwa mwaka wa kimya. Wagogo hawajaisahau njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyofuatia majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua zikakosekana. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya Wagogo wapatao 150,000. Twaitaja njaa hiyo ili msomaji akumbuke kwamba ngoma haikuwa burudani iliyosimama peke yake. Ilikuwa dalili kwamba jamii imeshiba, ina amani, na ina nafasi ya kuwalea watoto wake.

Ngoma za Wagogo ni nyingi: kuna muheme, nindo, msunyunho, mpendoo, chipande na nyinginezo. Muheme ndiyo ijulikanayo zaidi na wageni. Asili yake ni ngoma ya wanawake, ambao hubana ngoma zao katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja, nayo ilifungamana na unyago wa wasichana. Wagogo wanasifika pia kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, na kwa ala za zeze na marimba ya kupigwa kwa vidole gumba.

Mtoto wa Kigogo hakufundishwa mambo haya kwa saa maalumu ya somo. Aliyaanza akiwa mgongoni mwa mama yake, mama akicheza naye akitikisika kwa mapigo yale yale. Alipokuwa mkubwa kidogo alicheza na wenzake nje ya tembe usiku wa mbalamwezi, wakiigiza waliyoyaona. Alipofikia umri wa jando au unyago, alifundishwa nyimbo ambazo hazikuimbwa mahali pengine, kwa kuwa zilibeba mafunzo ya utu uzima. Baada ya hapo ndipo aliporuhusiwa kuingia katika ngoma za wakubwa.

Katika mpango huu tunaona mambo matatu. La kwanza ni kwamba kila umri ulikuwa na ngoma yake, na mtoto hakuharakishwa kuingia ya wakubwa. La pili ni kwamba watazamaji wa ngoma ya watoto walikuwa ndugu na majirani, watu ambao kesho yake wangemwona mtoto huyo akichunga ndama au akiteka maji, na wangemjua kwa mambo mengine mengi kuliko kucheza kwake. La tatu ni kwamba makosa hayakuwa na gharama. Mtoto aliyekosea mapigo alichekwa, akacheka naye, akarudia.

Mfano mwema wa malezi hayo ni marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa Ugogo na kufariki mwaka 2003. Zeze, marimba na uimbaji alijifunza nyumbani kwa baba yake. Baadaye alijiunga na wasanii wa Taifa, akafanya kazi Bagamoyo, na sauti yake ikasikika Ulaya, Asia na Marekani. Alipofika katika majukwaa hayo alikuwa mtu mzima aliyekwisha iva. Mwaka 2024 binti yake na mjukuu wake wa kike walitoa albamu yao wenyewe, wakiendeleza kazi iliyoanzia katika familia. Hazina ya namna hiyo hupikwa kwa moto wa polepole.

Kushindana si jambo geni

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba ngoma za jadi hazikuwa na mashindano. Vijana wa kaya mbili walipokutana, kila upande ulitaka uonekane. Katika Afrika Mashariki nzima kushindana kwa ngoma ni jambo la kale na lenye nguvu, kiasi kwamba mwaka 2000 wataalamu wa muziki walitoa kitabu kizima juu yake na kukiita kwa neno la Kiswahili, Mashindano.

Tuchukue mifano miwili inayojulikana sana. Mfano wa kwanza ni beni, ngoma iliyoanzia pwani mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga gwaride na bendi za Kizungu. Wachezaji wake waligawanyika katika pande mbili, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo, sare na michango yake, na kazi kubwa ya kila mmoja ilikuwa kuupita mwingine kwa fahari. Kwa njia ya askari, makarani na reli, beni ilienea bara. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na miji ya relini ndiyo iliyokuwa mapito ya mambo mapya ya namna hii. Mashindano ya beni yaliwapa watu heshima na umoja wakati ambapo utawala wa kikoloni uliwanyima vyote viwili. Lakini pia yalikula fedha nyingi, kwani kila upande uliona aibu kupitwa.

Mfano wa pili ni wa majirani walio kaskazini-magharibi ya uwanda wa kati, Wasukuma. Wao wana vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, ambavyo hushindana baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Kikundi kilichoshindwa hakifukuzwi uwanjani: hurudi nyumbani, hutunga nyimbo mpya, na kungojea siku nyingine.

Mifano hii miwili inatufundisha kwamba mashindano ni sehemu ya urithi wetu. Ndiyo yaliyowafanya watunzi watunge na wapigaji waongeze ufundi. Ngoma isiyo na mpinzani hulala. Lakini inatufundisha pia kwamba waliokuwa wakishindana walikuwa vikundi na wala si mtu mmoja mmoja, na kwamba waliobeba gharama, aibu na fahari ya mashindano hayo walikuwa watu wazima. Watoto walikuwapo pembeni, wakitazama na kuiga. Walishiriki furaha, bali mzigo wa kushinda na kushindwa haukuwekwa juu ya vichwa vyao.

Kutoka kaya hadi shule

Je, mtoto alitokaje pembeni akawekwa katikati ya uwanja? Jibu la swali hili linapatikana katika historia ya shule.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na shule zao zikaenea polepole katika Ugogo. Kwa jumla shule za misheni ziliitazama ngoma kwa mashaka, hasa ile iliyofuatana na jando na unyago. Mtoto aliyekwenda shule alijifunza kwamba wimbo wa kitabuni ni ustaarabu na wimbo wa nyumbani ni ushenzi. Kasumba hiyo ndiyo iliyomfanya Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aeleze masikitiko yake kwamba wasomi wengi walijua dansi za Kizungu lakini hawakuzijua ngoma za makabila yao. Siku hiyo alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tunaona kwamba tangu mwanzo utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja.

Tangu hapo ngoma iliingia shuleni kwa heshima. Katika Dodoma mabadiliko hayo yalichukua sura ya pekee kwa sababu ya Operesheni Dodoma, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kaya zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na tembe lake na zizi lake, zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Chamwino, ambako Mwalimu mwenyewe alikaa akishiriki kazi na wanakijiji, ilikuwa mfano wa vijiji hivyo. Kisha, mwaka 1977, Elimu ya Msingi kwa Wote ikawaingiza shuleni watoto wengi mno ambao wazazi wao hawakupata kukaa darasani. Kwa hiyo katika muda wa miaka michache tu watoto waliokuwa wakicheza nje ya tembe mbalimbali walijikuta katika uwanja mmoja wa shule, wakiongozwa na mwalimu ambaye mara nyingine hakuwa Mgogo, wakijiandaa kumpokea mgeni.

Shule ilileta pia sanaa mpya. Bingwa wake alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 katika sehemu za Ihumwa, mwandishi wa historia ya Wagogo na mshairi wa Kiswahili. Ngonjera zake, yaani mashairi ya kujibizana, zilichapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1969, zikasemwa na watoto wa shule nchi nzima mbele ya wazazi na viongozi ili kuieneza siasa ya Azimio la Arusha. Katika ngonjera upande mmoja hubisha na upande wa pili huelimisha, na mwishowe wote hukubaliana. Ni mashindano ya maneno yanayomalizika kwa mapatano. Kadhalika chipukizi walicheza gwaride na halaiki katika sikukuu za Taifa, na hadi leo Mwenge wa Uhuru unapopita vijijini watoto huupokea kwa ngoma.

Shule iliiokoa ngoma, nayo ikaibadilisha. Katika Ugogo wapo watoto wengi waliojifunza muheme shuleni kwa kuwa nyumbani hakukuwa tena na mtu wa kuwafundisha. Lakini ngoma iliyochukua usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika chache. Nyimbo zilipewa maneno ya kumsifu mgeni. Muheme, uliokuwa wa wanawake na wa unyago, ulipigwa na wasichana wadogo mbele ya meza kuu. Wataalamu wetu wa sanaa za maonyesho, akiwamo Profesa Penina Mlama, walikwisha tahadharisha kwamba ngoma ikitengwa na maisha yanayoizaa hubaki pambo tu.

Hatusemi kwamba kila mabadiliko ni hasara. Baadhi ya desturi zilizofuatana na unyago zilistahili kuachwa. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya umri wa miaka 18 ulikatazwa na sheria mwaka 1998, na ni vema ulikatazwa. Ngoma haikufa kwa sababu hiyo. Yamkini jambo la jadi kubadilika likaendelea kuwa letu. Swali ni nani anayelibadilisha, na kwa faida ya nani.

Kioo cha televisheni

Zanzibar ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika haikuwa nayo. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza, na televisheni ya Serikali ikafuata baadaye. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Redio ilikuwa imejengwa na dola kwa shabaha ya kuelimisha na kuunganisha Taifa, lakini televisheni ya Bara ilizaliwa katika wakati wa biashara huria. Kipindi huishi kwa matangazo, na matangazo hufuata watazamaji. Kwa hiyo mashindano, ambayo humfanya mtazamaji arudi wiki ijayo kujua nani amebaki, yakawa bidhaa nzuri. Tangu miaka ya 2000 vituo vyetu vimeonyesha mashindano ya kuimba na kucheza dansi kwa kufuata mtindo uliokwisha enea duniani: wengi huanza, wachache hubakizwa, mmoja hutawazwa.

Kwa watoto, mfano mkubwa zaidi katika Afrika Mashariki umetoka kwa jirani zetu wa Uganda. Kikundi cha Ghetto Kids cha Kampala, cha watoto wa mitaa ya kimaskini waliolelewa na mwalimu wao, Dauda Kavuma, kilijulikana duniani mwaka 2014 kwa kucheza katika wimbo wa Eddy Kenzo uitwao Sitya Loss. Mwaka 2023 kikundi hicho kilishiriki mashindano ya televisheni ya Uingereza yaitwayo Britain's Got Talent. Mmoja wa waamuzi alikipitisha moja kwa moja kabla hata hakijamaliza kucheza, na kikafika fainali. Afrika Mashariki nzima ilifurahi, nasi hatuwezi kujifanya kwamba hatukufurahi. Watoto wale walicheza kwa umoja, kila mmoja akimpisha mwenzake katikati kisha akirudi mstarini, kama ifanyikavyo katika ngoma zetu nyingi. Isitoshe, kucheza kuliwapatia chakula, malazi na ada ya shule.

Lakini tukumbuke kwamba Uingereza, inayoonyesha mashindano hayo, haimwachi mtoto jukwaani hivi hivi. Tangu sheria yake ya mwaka 1963, mtoto anayeshiriki maonyesho ya namna hiyo kwa kawaida huhitaji kibali cha serikali za mitaa, na saa zake za kazi, mapumziko na masomo hupimwa. Ni kosa kuuchukua mtindo wa kipindi cha wenzetu na kuuacha ulinzi wake.

Hoja za pande mbili

Wanaotetea mashindano haya wana hoja nzito. Wanasema kwamba Dodoma, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, imejaa watoto wa makabila yote ambao hawatalala nje ya tembe wala kuusikia muheme wa bibi. Kama televisheni haikuwaonyesha, wataiona wapi ngoma? Wanasema pia kwamba mtoto maskini hana mtaji mwingine ila kipaji chake, na kumzuia ni kumfungia mlango. Tena wanasema kwamba kushindwa ni sehemu ya malezi: mtoto asiyewahi kushindwa hajui kuinuka.

Tunakubali hoja ya kwanza moja kwa moja. Hata tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika Chamwino tangu mwaka 2009, ambako vikundi vya vijiji hupanda jukwaani kimoja baada ya kingine, limeonyesha kwamba watu wakipewa mahali pa heshima pa kuonyesha ngoma yao, wazee huleta wajukuu zao. Televisheni ingeweza kuwa uwanja mpana wa namna hiyo.

Hoja ya pili ina ukweli, nayo ina hatari. Kipaji cha mtoto kikisha kuwa tegemeo la nyumba, mtoto hageuki tena kuwa mtoto. Hawezi kusema amechoka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, inampa haki ya elimu pamoja na haki ya kucheza na kupumzika, na inakataza kumtumikisha kwa kazi zinazoidhuru afya, elimu au makuzi yake. Mazoezi ya kila siku hadi usiku, kwa faida ya kituo na wadhamini, hayawi mchezo kwa sababu tu yanaitwa mchezo.

Hoja ya tatu ndiyo inayohitaji kupimwa kwa mizani ya historia. Ni kweli kwamba watoto walishindwa hata zamani. Lakini walishindwa mbele ya nani, na baada ya kushindwa walikwenda wapi? Mtoto aliyeshindwa nje ya tembe aliendelea kucheza dakika ile ile. Kikundi cha Wagika kilichoshindwa kilirudi kujitayarisha. Katika ngonjera, aliyeshindwa kwa hoja aliungana na mshindi katika ubeti wa mwisho. Mtindo wa televisheni ni tofauti kabisa: anayeshindwa huondolewa, machozi yake hukaribiwa na kamera, na picha hiyo hubaki. Ndiyo maana twasema kwamba kucheza kwa mtoto si tatizo, na kushindana peke yake pia si tatizo. Lililo jipya ni kumfukuza mtoto uwanjani mbele ya watu asiowajua, na kuifanya aibu yake kuwa mali ya wengine. Jambo hilo halina mzizi katika ngoma yoyote tuliyoitaja.

Tufanyeje?

Kwa maoni yetu televisheni isikatazwe kuonyesha ngoma za watoto, bali ifundishwe adabu ya uwanja. Tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, wanaoshindanishwa wawe vikundi: shule kwa shule, kijiji kwa kijiji, kata kwa kata. Michezo ya shule za msingi, ambayo nayo hukutanisha vikundi vya ngoma na kwaya, imetupa msingi wa kufuata. Mtoto mmoja asisimamishwe peke yake kupigiwa kura.

Pili, pasiwe na kuondolewa. Vikundi vyote vilivyoanza vicheze hadi siku ya mwisho, na tuzo ziwe nyingi: ya uimbaji, ya upigaji, ya utunzi, ya mavazi, ya umoja. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996 katika shule za sekondari, ulikwisha onyesha kwamba wasichana wakitumia ngoma, nyimbo na maigizo kueleza matatizo yao huinuka na kupata ujasiri bila ya kutafutiwa mshindi.

Tatu, waamuzi wawe watu wanaoijua ngoma husika. Muheme uamuliwe na mabibi wa muheme pamoja na wataalamu wa vyuo vyetu vya sanaa. Hao ndio watakaojua pia nyimbo zipi ni za hadhara, na zipi ni za jando na unyago, ambazo haifai mtoto aziimbe mbele ya kamera kabla ya wakati wake.

Nne, mazoezi na upigaji wa picha yafanywe nje ya saa za masomo, yasipite jioni, na mapato yoyote yaingie katika elimu ya watoto na katika kikundi kwa hesabu iliyo wazi mbele ya wazazi. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, pamoja na maofisa utamaduni na ustawi wa jamii wa wilaya, wana nafasi ya kulisimamia jambo hili.

Tano, mtoto aulizwe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambua mtoto kuwa mtu mwenye maoni na mwenye haki ya kushiriki katika utamaduni. Mtoto anayesema hataki asisukumwe kwa ajili ya fahari ya mzazi, ya mwalimu wala ya mkoa.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia ni historia ya uwanja uliokuwa ukipanuka. Mtoto wa Kigogo alicheza nje ya tembe mbele ya bibi yake, akaja akacheza shuleni mbele ya mgeni wa Serikali, na sasa anacheza mbele ya kioo kisichokuwa na uso. Kila uwanja ulipopanuka, ngoma ilipata watazamaji zaidi, na mtoto alipata walezi wachache zaidi miongoni mwa wanaomtazama. Huo ndio upungufu ambao yatupasa tuuzibe.

Kuifungia ngoma kijijini ni kuiacha ife pamoja na wazee. Kumtupa mtoto katika soko la maonyesho kwa jina la utamaduni nako ni kula mbegu kabla ya mvua, na Wagogo, watu wa nchi kame, wanajua mwisho wa nyumba inayokula mbegu. Basi na tuzishindanishe ngoma zetu kwa bidii na kwa furaha, shule kwa shule na kijiji kwa kijiji, watoto wote wakibaki uwanjani hadi mwisho. Kisha saa ya kulala ikifika, mama aite na taa za kamera zizimwe, kwani ngoma ya watoto haikeshi.